Mama Mkwe wa Kiambere Katika Filamu ya Kifaransa

Ukiuliza habari za Nelius hapa Kiambere, kila mtu ataanza na ile filamu, na hilo linakera, kwa sababu mama huyu alikuwa mtu kamili kabla kamera haijafika. Ana shamba la ekari mbili na nusu juu ya bwawa, mahali ambapo ndengu zikikubali zinakubali kwelikweli, na zikikataa hata mbegu hairudi nyumbani. Ana miti ya muguka, majani yanayotafunwa kama miraa, aliyoachiwa na marehemu mumewe, ana mbuzi kumi na mmoja, na ana mdomo. Tuseme ukweli, mdomo anao. Kanisani huimba sauti ya pili hata kwenye wimbo usio na sauti ya pili, na kwaya imezoea.

Jambo moja tu lilikuwa haliguswi na mdomo huo. Binti yake wa pekee, Kaari, aliolewa na Gachoki, fundi wa mawe kutoka Kiritiri, wakazaa wasichana wawili. Wa kwanza aliitwa kwa jina la mama yake Gachoki, kama inavyotakiwa. Wa pili aliitwa Nelius, jina la bibi mzaa mama, naye Nelius mkubwa alitembea siku hizo akiwa amejaa kiburi mpaka majirani wakachoka. Mtoto alikuwa na siku tisa Kaari aliposhikwa na homa usiku. Kaari alifikishwa hospitali asubuhi, na kufikia mchana alikuwa ameaga dunia.

Kaburini ndipo mambo yalipoharibika. Njeru, kaka yake Nelius, alisimama mbele ya umati akasema Gachoki ndiye aliyemuua mkewe, kwa kungoja kupambazuke. Alisema kwa sauti, akarudia. Nelius alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, akanyamaza. Wiki mbili baadaye Gachoki alifunga mizigo, akawachukua wasichana wake wawili, akahamia Kiirua, kule Meru, kwa dada yake.

Sasa mgeni atauliza, si angepanda gari tu aende Kiirua akamwone mjukuu? Wacha wee. Kuna uthoni. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaangaliani usoni. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatajani jina, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Vijana wa leo wanakumbatiana na mama wakwe zao siku ya harusi, pasta akiwapigia makofi, lakini Nelius hakulelewa hivyo. Hata Gachoki, ingawa hakuwa mzee, alikuzwa na nyanya yake na mambo hayo aliyashika. Maneno kati ya nyumba hizi mbili yalikuwa yakipitia kwa mtu mmoja, naye ni Njeru. Njeru alikuwa ameshaharibu njia hiyo, na hakuwa mtu wa kusema nimekosa. Basi ikawa miaka mitano, Nelius hajamwona mtoto mwenye jina lake. Hakujua kama anatembea vizuri, kama ni mkimya au mjeuri, kama ana pengo.

Mwaka wa tano ndipo walipokuja watu wa filamu. Mkubwa wao alikuwa mwanamke aitwaye Solange. Baba yake alikuwa wa Niger, mama yake Mfaransa, naye alizaliwa na kukulia Paris. Alitaka kutengeneza filamu kuhusu msichana wa Paris anayekwenda kutafuta kijiji cha baba yake, lakini kijiji chenyewe cha kule kilikuwa hakiendeki kwa sababu ya watu wenye bunduki. Mtu akamwonyesha picha za Kiambere: udongo mwekundu, migunga, mbuzi, na maji mengi ya bwawa yaliyolala katikati ya ukame. Akasema hapo ndipo. Bwawa letu likawa mto Niger, na mamba wake wakaachwa wakae kimya.

Alikuwa na msaidizi, Lydiah, msichana wa Embu aliyesoma Kifaransa chuo kikuu huku shangazi zake wote wakimuuliza atakila hicho Kifaransa na nini. Lydiah ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya Solange. Siku ya mkutano wa chifu alieleza kwamba filamu ni ya Kifaransa, na kwamba inahusu watu wanaozungumza Kifaransa vizuri kabisa lakini kila waendako wanaulizwa, wewe ni wa wapi hasa?

"Na yeye ni wa wapi?" Nelius aliuliza kutoka nyuma.

Lydiah akatafsiri. Solange akajibu maneno mengi.

"Anasema hilo ndilo anajaribu kujua."

"Ukoo wake ni upi?"

Hilo nalo likatafsiriwa. Solange akacheka kidogo.

"Anasema hajui, Cucu," Lydiah akasema, akimwita bibi kwa lugha ya kwetu.

"Maskini," Nelius akasema, na alimhurumia kwa dhati. "Hawakumwambia?"

Kazi ikaanza. Zilijengwa nyumba za udongo zenye paa bapa, na wazee walikuja kila siku kuziangalia na kusema mvua moja tu itazifundisha adabu. Wanawake walivishwa kanzu pana za rangi, wakafungwa vilemba. Vijana waliambiwa wateme muguka kabla ya kusimama mbele ya kamera, kwa sababu huko Niger hakuna mtu mwenye shavu moja limevimba. Na kwa kuwa nyumba zilihitaji msingi wa mawe, akatafutwa fundi hodari, na mtu akataja jina la Gachoki. Alikuja kutoka Kiirua peke yake, akalala kambini na mafundi wenzake, na kila alipokwenda dukani alizunguka kilima kizima ili asipite karibu na boma la mama mkwe wake.

Nelius alijua tangu siku ya kwanza kwamba yupo. Aliuliza kwa mafundi, akaambiwa watoto wamebaki na shangazi yao. Zaidi ya hapo hawakuwa na la kusema, nao wanaume huwa hawaulizani mambo ya maana.

Kulikuwa na kipande kimoja kidogo katika filamu ambacho hakikuhitaji waigizaji wa Paris. Msichana yule anakaa kijijini, anatazama jirani, mama mzee, akimpokea mwanawe aliyekaa Ulaya miaka kumi na miwili. Solange alipita kwenye mstari wa wanawake akitafuta mama. Nelius alikuwa akimgombeza mpishi kuhusu uji uliojaa madonge. Solange akanyoosha kidole, huyo. Kisha akatembea kwa mafundi akitafuta mwana, akamwona mwanamume mrefu aliyesimama kando akiosha mwiko wake, mwenye uso wa mtu aliyelala vibaya kwa muda mrefu. Naye huyo.

Watu wa Kiambere walikuwepo zaidi ya arobaini. Wote waliona. Wote walijua. Hakuna aliyefungua kinywa, maana kutaja uthoni wa watu wengine hadharani ni aibu yako wewe unayetaja. Wanawake waliziba midomo kwa vilemba vya Niger wakatazama ardhi.

"Cucu," Lydiah akasema, akimketisha Nelius kwenye kigoda mbele ya nyumba, kando ya mbuzi aliyefungwa kwenye kiguzo, "huyu ni kijana wako, anatoka Paris leo. Akifika hapo kwa mti, anakuona, anakuja mbio, anakukumbatia. Sawa?"

"Kijana gani?"

"Yule pale."

Nelius alitazama, na kabla macho hayajafika vizuri, mkono ulikuwa umeshavuta shuka juu ya kichwa.

Angeweza kukataa. Lakini kukataa kunadai sababu, na sababu yenyewe haisemeki. Na tuseme lote: hakutaka kukataa. Mtu aliyesimama kwenye ule mti ndiye pekee pale Kiambere aliyejua mtoto mwenye jina lake anaendeleaje. Alibaki kwenye kigoda.

Solange akapiga kelele ya kuanza. Gachoki akatoka kwenye mti na begi la Ulaya mkononi. Akatembea hatua kumi, akainua macho, akaona ni nani ameketi pale. Akatoka njiani akasimama kwenye nyasi, akatazama viatu vyake. Nelius naye akageuka mzima mzima akaupa ukuta uso, shuka juu ya kichwa. Wakakaa hivyo. Mtu wa kamera aligeuka kumwangalia Solange, na Solange alikuwa amejishika mashavu kwa mikono miwili.

"Anasema hivyo hivyo," Lydiah akanong'ona. "Anasema hajawahi kuona heshima kama hii. Msibadilishe kitu. Sasa Cucu, sema tu kitu kwa lugha yako, chochote, vile mama angesema. Watu wa Ulaya wataandikiwa chini."

Chochote. Nelius aliusikia ukuta ukinuka udongo mbichi. Zamani, mama mkwe akiwa na neno la haraka na hakuna wa kutuma, aliruhusiwa kuliambia kitu kingine, mbwa au mwimo wa mlango, mkwe akisikia kwa mbali. Nyanya yake alifanya hivyo mara moja mwaka wa njaa. Nelius akamgeukia mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema kwa Kimbeere, lugha yetu, "nikuulize. Yule mtoto mwenye jina langu, anakula? Analala? Analia akitaka nini? Mimi simjui. Na yale maneno ya kaburini, mbuzi, si mimi niliyeyasema. Aliyasema ndugu yangu, na yalikuwa maneno mabaya, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndilo kosa langu. Nimelibeba miaka mitano. Nimechoka nalo."

Kwenye nyasi, Gachoki alihamisha begi kutoka mkono huu hadi mwingine. Alipojibu, aliyaelekeza maneno kwa mbuzi yule yule, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Mbuzi, mwambie mwenye boma hili. Kaari mwenyewe ndiye aliyesema tungoje asubuhi. Alisema homa itashuka. Mimi nikamsikiliza. Heri nisingemsikiliza. Kila siku najiambia hivyo, heri nisingemsikiliza."

Basi. Solange aliacha kamera iendelee kunasa, machozi yakimtoka, kisha akamuuliza Lydiah wamesemaje.

Lydiah ni wa Embu, na Kimbeere hakimpiti. Alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama yule mama aliyefunikwa shuka, akafikiri kidogo, akajibu kwa Kifaransa kwamba wanasalimiana, mama na mwana, salamu za kawaida tu. Solange akafuta macho akasema ni vizuri sana, warudie kwa kamera ya upande wa pili.

"Mwambie maneno kama hayo hayasemwi mara mbili," Nelius akasema, akainuka na kigoda chake.

Mtu angedhani mambo yalinyooka hapo. Hata. Gachoki alimaliza kazi Ijumaa, akarudi Kiirua. Alikuwa amesikia, lakini mtu aliyetukanwa mbele ya umati hafutwi machozi kichakani. Kilichosemwa mbele ya watu kinarudishwa mbele ya watu, tena na yule yule aliyekisema. Nelius alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alimwendea Njeru mara mbili, na mara mbili Njeru alimwambia hayo mambo yalipita, aendelee na ndengu zake.

Filamu ikaenda zake. Kwa muda mrefu hazikusikika habari, kisha Lydiah akawa anatuma ujumbe: imeonyeshwa Paris, imeonyeshwa Dakar, sasa iko Kanada mahali watu wanazungumza Kifaransa kwenye theluji. Na kila mahali, alisema, watu wanazungumzia kile kipande kidogo cha mama na mwana wasiotazamana. Mwandishi mmoja wa gazeti la huko aliandika kwamba hapo ndipo unaona utu wa mtu wa Sahel. Kiambere tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Miaka miwili ilikuwa imepita Lydiah alipokuja na filamu yenyewe, ionyeshwe kwa watu waliotokea ndani yake. Mahali palikuwa ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana, madirisha yakazibwa kwa magunia. Lakini asubuhi hiyo alipita kwanza kwa Nelius, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Cucu, ile sehemu iko ndani. Sauti yako iko vile vile. Kule hakuna aliyeelewa. Hapa wataelewa wote. Ukitaka, nikifika hapo naweza kuirusha. Hakuna mtu atajua."

Nelius alikuwa akipepeta ndengu. Aliendelea kupepeta. Aliogopa, na ndengu kadhaa zikaanguka chini.

"Iache," akasema mwishowe. "Na umwambie Njeru kutakuwa na soda. Mweke kiti cha mbele."

Ukumbi ulijaa. Filamu ikaanza, Kifaransa kikamiminika, na watu hawakujali, walikuwa wakitafutana. Huyo ni Winfred! Tazama mbuzi wa Mama Mutwiri! Lo, kumbe mimi mnene hivi! Msichana wa Paris alilia kwenye kitanda, akalia kwenye bwawa, hakuna aliyejua analilia nini. Njeru alikuwa mbele kabisa na fimbo yake na soda ya machungwa, akifurahia.

Kisha ukaja ukuta wa udongo, na mama aliyefunikwa shuka, na ghafla filamu ya Kifaransa ikazungumza Kimbeere.

Ukumbi ulinyamaza kabla sentensi ya pili haijaisha. Nelius alikuwa amekaa nyuma, Lydiah kando yake. Alijisikia akisema kuhusu kaburi. Alijisikia akisema maneno mabaya. Ilikuwa sauti kubwa, ikitoka kwenye spika mbili za kanisa, na hakuna mahali ambapo ingeweza kwenda isipokuwa kwenye masikio ya kila mtu. Chini ya picha herufi za Kifaransa zilikuwa zikipita.

"Wameandika nini hapo?" alinong'ona, ili tu awe na kitu cha kufanya.

"Wameandika, mwanangu, mchanga umezila nyayo zako."

"Na yeye?"

"Mama, nchi ya watu haikunijua."

Nelius akafikiria. "Si mbaya," akasema.

Njeru hakugeuka nyuma. Alikaa na chupa mkononi mpaka filamu ikaisha na magunia yakatolewa madirishani, na watu wakawa wanatoka wakipita pembeni yake bila kumsalimu. Alipofika mlangoni alikuta dada yake amesimama hapo. Alikuwa mzee wa miaka sabini, na siku hiyo alionekana nayo yote.

"Ulingoja mpaka wazungu waje ndio uniambie?"

"Nilikuambia mara mbili. Ulinituma kwa ndengu."

Njeru aligonga fimbo chini, akaenda zake. Wiki iliyofuata alichukua beberu mweupe na wazee wawili, akaenda Kiirua. Inasemekana kule alisimama mbele ya majirani wa Gachoki, watu ambao hata hawakujua kuna jambo, akasema aliyoyasema kaburini yalikuwa uongo wa mtu mwenye uchungu. Alisema kwa sauti, akarudia. Aliporudi hakutaka kuulizwa, ila alisema tu kwamba likizo ya Agosti mtoto ataletwa.

Nelius alifagia boma siku tatu. Alinunua nguo, akakosa kujua kipimo, akanunua mbili. Kila aliyepita njiani aliambiwa: jina langu linakuja. Jina langu linakuja Jumanne.

Jumanne walifika saa nne. Yule msichana mkubwa alikuwa amebaki kwa shangazi yake. Gachoki alisimama nje ya ua, mgongo ukiwa umegeukia nyumba, kama inavyotakiwa, na mtoto akaingia peke yake langoni. Msichana wa miaka saba, mwembamba, paji la uso la Kaari, lile lile, mpaka Nelius akashika nguzo ya jikoni. Alimsalimu kwa Kimbeere. Mtoto akamtazama tu. Akamsalimu tena kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Cucu," mtoto akajibu, kwa sauti ya watu wa Meru.

"Marahaba. Umekuja, jina langu. Hebu niambie, unaitwa nani?" Aliuliza akiwa ameshaanza kutabasamu, majirani wakiwa uani, maana alitaka walisikie.

"Ntinyari," mtoto akasema.

Watu wakatazamana. Nelius alidhani hakusikia vizuri, akamwuliza tena, na mtoto, ambaye alifundishwa kujibu wakubwa kikamilifu, akasema anaitwa Ntinyari, shuleni ni Ntinyari, na kwa shangazi ni Ntinyari. Hakuwahi kuitwa kitu kingine. Lilikuwa jina la Kimeru, jina zuri, na lilimchoma Nelius kama mwiba uingiao chini ya ukucha.

Ndipo sauti ikatoka nje ya ua. Gachoki alikuwa bado amegeuka, lakini hakumsemesha mbuzi wala mlango.

"Mama," alisema. "Ni mimi nililibadilisha. Wiki ile ile ya mazishi. Nilikuwa na hasira, na sikutaka kulitaja tena nyumbani kwangu. Nisamehe."

Hakuna mkwe aliyewahi kumwita mama mkwe wake hivyo, moja kwa moja, mbele ya watu, katika boma lile. Majirani waliinamisha vichwa. Wote walikuwa wakingoja mdomo wa Nelius, nao wanaujua.

Nelius alitazama paji lile la uso. Aliumia, aliumia sana, na hakuficha. Machozi yalimshuka na akayaacha. Miaka saba alikuwa amelilia jina, na jina halikuwepo. Mtoto alikuwepo. Alikuwa amesimama pale na vumbi miguuni, akisogea kidogo kidogo kuelekea kivuli cha jikoni kwa sababu jua lilikuwa kali.

"Ntinyari," Nelius akasema, akilijaribu ulimini. Likatoka vibaya. Akalirudia mpaka likakaa. "Ntinyari, ingia ndani, uji uko tayari. Na umpelekee baba yako kikombe huko nje."